Furaha Katika Majaribu: Habari za Wasomaji wa Buganda, 1885 hadi 1887

Katika maneno ambayo mwalimu hupata taabu kuyaeleza mbele ya wanafunzi wake, moja ni lile la Waraka wa Yakobo, mlango wa kwanza, ambapo mtume awaagiza waamini wayahesabu majaribu yao kuwa ni sababu ya kufurahi. Mwanafunzi mwenye akili huuliza mara: Je, aliyefiwa na mtoto wake afurahi? Aliyekosa mavuno afurahi? Na mwalimu asiyejitayarisha hujibu kwa maneno mengi, lakini swali hubaki pale pale. Sisi twaona ya kuwa swali hilo halijibiwi vema kwa maneno matupu. Yatupasa kwanza kulichunguza neno lenyewe katika lugha yetu, kisha kuzitazama habari za watu walioipitia njia hiyo kwa miguu yao. Na kwa kazi hiyo tumechagua habari za vijana wa Buganda waliouawa katika siku za Kabaka Mwanga, kati ya mwaka 1885 na 1887. Maana wao ni watu wa nchi zetu, na, kama tutakavyoonyesha, lugha ya Kiswahili ilikuwa na sehemu yake katika imani yao.

Tuanze na maneno. Kiswahili kina raha, na kina furaha; na wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Sivyo. Raha ni hali ya mwili na moyo usiosumbuliwa: kivuli baada ya jua, kiti baada ya safari, chakula baada ya njaa. Raha huonwa, raha huliwa, raha hupewa mtu. Lakini haina kitenzi chake yenyewe, nasi hukopa kustarehe tunapotaka kuitendea kazi. Furaha ina kitenzi chake, kufurahi, nacho huzaa kufurahia, kufurahisha, kufurahiana. Basi twaona ya kuwa raha humjia mtu kutoka nje, na ikiondoka ameondokewa. Bali kufurahi ni tendo la mtu mwenyewe. Ndiyo maana mtume aweza kuwaagiza watu wafurahi. Hawaagizi kuona raha, maana hilo haliko katika uwezo wao.

Na neno majaribu nalo lina mafundisho. Kujaribu ni kukipima kitu ili nguvu zake zijulikane. Fundi hujaribu shoka kwa mti, mfua dhahabu huijaribu dhahabu kwa moto, wala hakuna ajaribuye kitu kwa nia ya kukiharibu tu. Mateso ni neno jingine: hilo lataja maumivu peke yake. Mtu anayeyaita mateso yake majaribu amekwisha kukiri ya kuwa yana mwisho na yana kusudi. Wafasiri wa Kitabu wakaongeza neno la tatu, saburi, ambalo ni ndugu ya subira, nalo ndilo tunda la kujaribiwa kwa imani. Wahenga wa pwani walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo kwa upande wao waliposema kwamba subira yavuta heri, na kwamba baada ya dhiki ni faraja. Lakini mithali hizo zaiweka heri mbele, mwisho wa njia. Mtume asema zaidi ya hayo: ya kuwa furaha yaweza kuwako njiani, dhiki ingali ipo. Je, ni kweli? Hapo ndipo tunapohitaji historia.

Katika mwaka 1875 msafiri Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Katika msafara wake alikuwamo kijana aitwaye Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na Wamisioni wa Unguja katika shule ya Kiungani. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki katika jumba la mfalme ili amsomee Mutesa habari za Kitabu na kumfasiria. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika huko pamoja na wafanya biashara wa pwani, na wakuu wengi wa barazani walikisikia. Hivyo, kabla ya mmisionari yeyote wa Ulaya kukaa Buganda, Injili ilikuwa imesomwa barazani na kinywa cha kijana Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Wamisionari wa kwanza wa C.M.S. walifika mwaka 1877, na Alexander Mackay, fundi wa vyuma, aliwafuata mwaka 1878. Mwaka 1879 wakaja Mapadre Weupe, na miongoni mwao Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera kwa kulisikia neno la Kifaransa ambalo wenzake walimwitia.

Watu walioshikamana na mafundisho hayo hawakuitwa kwanza kwa jina la dini. Waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Vitabu vya Kiganda vilikuwa haba sana, kwa hiyo wengi walisoma kwanza Injili na sala kwa Kiswahili, wakaelezana wao kwa wao kwa Kiganda. Mackay alikuwa na mashine ndogo ya kupiga chapa, akatoa karatasi za kujifunzia kusoma, na vijana wakazigombea. Wengi wa wasomaji hao walikuwa abagalagala, yaani vijana walioletwa na koo zao kutumika katika jumba la mfalme, ili walelewe humo na baadaye wapewe utawala. Ni vema mwalimu akumbuke hilo. Vijana hao hawakuwa watu waliokata tamaa ya dunia. Mbele yao palikuwa na mashamba, heshima na vyeo.

Mutesa akafa mwezi wa Oktoba 1884, na Mwanga, kijana bado, akakaa mahali pake. Mambo mengi yalimtia hofu. Wadachi walikuwa wameanza kutwaa nchi huku pwani, na Waganda walikuwa na usemi wa zamani ya kuwa watakaoila nchi yao watatoka upande wa mashariki, kwa njia ya Busoga. Tena aliona katika jumba lake vijana wenye bwana mwingine aliye juu yake, nao walikataa kumtii katika tendo lililokatazwa na imani yao. Hatusemi hayo ili kumtetea, bali ili msomaji asidhani ya kuwa mauaji yale yalikuwa wazimu mtupu. Mfalme aliyezoea kutiiwa katika yote alikutana na watu waliomtii katika yote isipokuwa moja.

Wa kwanza kuuawa walikuwa watatu wa upande wa C.M.S.: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga, na Yusufu Lugalama, aliyekuwa mtoto bado. Walikamatwa walipokuwa pamoja na Mackay na mwenzake Ashe katika njia ya kwenda ziwani, na tarehe 31 Januari 1885 wakachomwa moto huko Busega, penye kinamasi. Imesimuliwa ya kuwa askari waliwadhihaki wakiwaambia kwamba, kwa kuwa waamini ufufuo, sasa itaonekana kama watafufuka. Tena imesimuliwa ya kuwa njiani vijana wale waliimba wimbo wa sifa waliofundishwa na walimu wao, na wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili. Sisi tunaofundisha kwa lugha hii tungefanya vema kulishika jambo hilo. Lugha ambayo wengine waliiona kuwa ya soko na ya misafara tu, kwa vijana wale ilikuwa lugha ya mwisho ya kumsifu Mungu.

Lakini yatupasa kuwa wakweli katika kuzisimulia habari hizi. Ashe ameandika ya kuwa Lugalama mdogo aliwasihi wauaji wasimkate mikono. Aliomba atupwe motoni tu mzima. Wasimulizi wengine huliruka neno hilo, kwa kuona kwamba lapunguza utukufu. Sisi twaona kinyume chake. Mtoto yule aliogopa, kama kila mwenye mwili aogopavyo, na hakuna aliyemtaka asiogope. Bwana wetu mwenyewe huko Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Basi furaha tunayoitafuta si kukosa hofu, wala si kukosa maumivu. Imekaa ndani ya mtu mmoja pamoja na hofu yake, kama taa ikaavyo katika nyumba yenye giza bila kuligeuza giza la nje. Na waliokuwapo waliiona. Mackay ameandika ya kuwa mmoja wa wauaji, alipokwisha kustaajabia uthabiti wa vijana wale, alikuja akaomba afundishwe naye kusali.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu James Hannington, aliyekuwa akija kwa njia ile ile ya Busoga, alishikwa akafungwa. Kitabu chake cha habari za kila siku kilipatikana baadaye. Siku ya mwisho, tarehe 29 Oktoba 1885, mgonjwa na asiye na habari yoyote, aliandika ya kuwa ametiwa nguvu na Zaburi ya 30. Msomaji aifungue Zaburi hiyo mwenyewe, aone ni zaburi ya namna gani: ni ya mtu ambaye maombolezo yake yamegeuzwa kuwa machezo. Hannington hakuyasoma hayo akiwa salama. Alisoma asubuhi, na siku ile ile akauawa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa jumbani na Mkatoliki, alimkemea Mwanga kwa ajili ya mauaji hayo, na tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa.

Baada ya Mukasa, Karoli Lwanga ndiye aliyewaongoza vijana Wakatoliki. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko, akamkuta kijana mmoja akifundishwa dini na Denis Ssebuggwawo. Akamchoma Denis kwa mkuki, akaamuru milango ya boma ilindwe. Usiku ule Lwanga aliwabatiza vijana wanne waliokuwa wangali wanafunzi, na mmoja wao alikuwa Kizito, mdogo kuliko wote, wa miaka ipatayo kumi na minne. Asubuhi Mwanga aliwakusanya vijana, akawataka wote wasalio wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Padre Lourdel alifika mbio kuwaombea, asipewe nafasi. Akawaona wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba, naye Kizito alikuwa akicheka na kuzungumza na wenzake kana kwamba waenda mchezoni.

Njia ya Namugongo ilikuwa njia ya mauti tangu zamani, kwa kuwa mahali pale palikuwa pamewekwa kwa kazi hiyo kwa desturi ya nchi, chini ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Kwa desturi hiyo hiyo wengine waliuawa kabla ya kufika. Waliofika walikaa siku kadha wamefungwa, kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, walifungwa kila mmoja katika mkeka wa matete, wakapangwa juu ya kuni, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Lwanga alikuwa ametengwa, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole. Mbaga Tuzinde, aliyekuwa mtoto wa nyumbani mwa Mukajanga mwenyewe, alisihiwa na jamaa zake akubali kufichwa, akakataa. Wachache, Denis Kamyuka miongoni mwao, waliondolewa wakati wa mwisho wakabaki hai, na kwao tumepata habari nyingi. Walisimulia ya kuwa asubuhi ile wafungwa walipokutanishwa tena walisalimiana kwa furaha na kutiana moyo, na ya kuwa kutoka motoni hakikusikika kilio bali sauti ya sala. Wa mwisho katika hesabu ya Wakatoliki, Yohana Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 1887. Kanisa Katoliki liliwatangaza 22 kuwa wenye heri mwaka 1920, kisha kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Na Waanglikana huwakumbuka wao wapatao 23.

Sasa na tuulize: furaha hiyo ilitoka wapi? Wengine husema ni ujana, kwamba kijana hayajui mauti. Lakini Matiya Mulumba, aliyekatwa viungo akaachwa afe polepole huko Kampala siku zile zile, hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo na nyumba. Wengine husema ni nguvu ya walimu wao wa Ulaya. Lakini Mapadre Weupe walikuwa wameondoka Buganda kuanzia Novemba 1882 hata Julai 1885, na katika muda huo wasomaji wao hawakupungua bali waliongezeka, wakifundishana wenyewe. Sisi twaona mambo matatu. La kwanza, walikuwa na maneno moyoni, si katika rafu ya vitabu: sala, amri, nyimbo, habari za Bwana, mambo yasiyoweza kunyang'anywa na askari. La pili, walikuwa wengi pamoja. Kufurahi peke yako ni kazi ngumu. Kufurahiana ni nyepesi zaidi, na ndiyo sababu Lwanga aliwabatiza wale wanne usiku ule, wasiende wakiwa nje ya kundi. La tatu, walijua jina la jambo lililowapata. Siku zile za mateso Mackay na Ashe waliwapigia chapa wasomaji barua ya faraja, na maneno yake waliyatoa katika Waraka wa Kwanza wa Petro, pale mtume asemapo kwamba waamini wasiustaajabie moto uliowapata kana kwamba ni kitu kigeni. Mtu akijua ya kuwa aliyo nayo ni majaribu, na ya kuwa Bwana wake alipitia hapo kwanza, hupata pa kusimama.

Hapa tuna neno la kuwaonya walimu, nalo latoka katika desturi zetu. Watu wa pwani wakimwendea aliyefiwa husema makiwa, tena hukaa naye matanga. Na katika nchi zetu zote mwenye taabu huambiwa pole kabla ya jambo lolote. Tumesikia mara nyingine mhubiri akifika penye msiba na kuwaamuru wafiwa wasilie bali wafurahi, kana kwamba machozi ni ukosefu wa imani. Mhubiri huyo ameichukua amri ya mtume akaifanya fimbo. Barua ile ya Buganda haikuandikwa hivyo. Waliowaandikia walikuwa katika hatari ile ile, wakiwaona wanafunzi wao wakichukuliwa, na walianza kwa kujiita rafiki. Wala hatuwalaumu wasomaji waliojificha au kukimbia siku zile. Bila wao, nani angalifundisha baadaye? Furaha katika majaribu hushuhudiwa na aliye ndani ya majaribu. Aliye nje kazi yake ni kukaa matanga.

Na liko jambo moja ambalo tungependa kulinyamazia, lakini historia haituruhusu. Wasomaji waliobaki walipata nguvu. Mwaka 1888 walishirikiana na Waislamu kumwondoa Mwanga, kisha wakamrudisha. Wakawa wakuu wa nchi, wakagawanyika vyama viwili, chama cha Wangereza na chama cha Wafransa, kwa majina ya mataifa ya walimu wao. Tarehe 24 Januari 1892 vyama hivyo vilipigana kwa bunduki huko Mengo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti. Miaka sita haijapita tangu wenzao walale juu ya kuni zile zile huko Namugongo, na sasa waligombania mashamba na vyeo. Kwa hiyo twauliza, na kila mwalimu awaulize wanafunzi wake: Ni jaribu lipi lililo kubwa zaidi, moto au raha? Katika moto walifurahi pamoja. Walipoiona raha mbele yao, walisahauliana. Yaelekea Yakobo alilijua hilo pia, maana katika mlango ule ule wa kwanza, baada ya kuwafariji walio katika majaribu, amwonya tajiri ya kuwa atapita kama ua la majani.

Habari za Mwanga nazo zina mwisho wake. Aliasi mwaka 1897, akashikwa mwaka 1899, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko ugenini, bila baraza wala askari, alibatizwa kwa jina la Danieli, na akafa mwaka 1903. Hatujui kusoma moyo wa mtu, nasi hatutaki kuongeza neno. Lakini mwalimu akizisimulia habari za Namugongo asizimalize bila kulitaja jambo hilo, kwa kuwa dini waliyofia vijana wale ndiyo iliyompokea aliyewaua.

Basi tunawaomba ndugu zetu walimu na mapadre mambo mawili. Kwanza, wanapofundisha mlango ule wa Yakobo, wasianze na amri. Waanze na Busega na Namugongo, pamoja na hofu ya Lugalama na vita vya Mengo, kisha waifikilie amri. Pili, kila mmoja atafute katika lugha ya watu wake maneno yaliyo mahali pa raha na furaha. Waganda wana essanyu, ambalo hawakuliazima kwetu wala kwa Waarabu. Makabila mengine bila shaka yana yao. Tungefurahi kupata maneno hayo kutoka kila misioni, pamoja na desturi za kumfariji mfiwa zilizo katika nchi hiyo, ili mwalimu atakapoulizwa na mwanafunzi wake kama aliyefiwa aweza kufurahi, amjibu kwa neno ambalo mama yake mwanafunzi huyo hulitumia nyumbani.